Simu ya Kiunoni

Jumamosi, 12 Aprili

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kitufe kipo kwa ajili ya kubonyezwa. Si kweli. Kubonyezwa ni kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza ya kitufe ni kupatikana — kidole kikipapase mfukoni, chini ya nguo, na kukijua kabla jicho halijakiona.

Nayaandika haya kwa sababu Istahil amenitumia simu mpya kutoka Nairobi. Imefika na basi la asubuhi, imefungwa ndani ya shuka mbili. Binti mwema, Mungu amlinde. Simu nzuri, nyembamba, inang'aa. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Pembeni hakuna kitu! Laini pande zote kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

Nikampigia kwa simu ya mamake.

"Aabo, vitufe vipo, ila havijainuka. Unagusa tu ubavuni. Ukipandisha kidole sauti inapanda, ukikishusha inashuka."

"Nitajuaje mahali pa kugusa?"

"Angalia, kuna alama ndogo."

"Na nikiwa siangalii?"

Akacheka. "Aabo, nani anatumia simu bila kuiangalia?"

Mimi. Na kila mtu ambaye macho yake yana kazi nyingine.

Lakini niwe mwadilifu. Simu yangu ya zamani ilikufa kwa sababu ya kitufe. Mchanga wa Garissa uliingia, kikakwama, basi. Hii haina tundu la kuingiza mchanga. Hilo ni jema, nimeliona.

Jumatatu, 14 Aprili

Aibu msikitini!

Nimetawadha, nimepanga safu, nikakumbuka simu. Ile ya zamani ningeingiza mkono mfukoni mwa kanzu huku nasalimiana na watu, nibonyeze chini mpaka mwisho, kimya. Hii — vidole vimelowa, haikunielewa. Nikafuta mkono kwenye kanzu, nikajaribu tena bila kuangalia. Kumbe nimepandisha. Kwenye rakaa ya pili ikaimba. Vinanda na ngoma, muda mrefu, mpaka aliyenipigia akachoka.

Nje, Siyad alikuwa ananingoja mlangoni na fimbo yake. Yeye ndiye mwenyekiti wetu wa mashamba ya mtoni, na hakuna jambo la mtu analoliacha lipite.

"Walaal Yarrow, umetuletea harusi? Bibi arusi yuko wapi?"

Vijana wote wakacheka. Hata imamu aliinama kuvaa viatu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja, kwa hiyo sina kisingizio. Jambo lenyewe ni rahisi. Kitufe cha kweli kina springi ndogo chini yake. Hakijali umekigusa kwa kidole, kucha au ncha ya fimbo, kinataka nguvu tu. Hiki kipya hakitaki nguvu. Kinatoa umeme mdogo sana pembeni, na ngozi ya mtu, kwa kuwa ina maji na chumvi, ikikaribia huuvuruga ule umeme. Simu inasema: nimeguswa. Haijui imeguswa na nani, wala kwa nia gani. Na maji yakiwa mengi inachanganyikiwa kabisa.

Kitufe cha kwanza kinauliza: unataka? Cha pili kinauliza: upo?

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshuka shambani kuona nyanya. Zimeanza kuwiva. Ndizi pia ziko vizuri, inshallah.

Wario alikuwa anamimina mafuta kwenye pampu. Yeye ndiye mwangalizi wetu. Anakaa kona ya chini kabisa ya shamba na mkewe Qabale na watoto watatu, hatua sitini kutoka kwenye maji. Sipendi wakae pale. Lakini pampu ya mtoni haiachwi peke yake, na yeye mwenyewe amekataa kukaa juu.

Kwa hiyo tuna utaratibu. Mabwawa ya huko juu yakijaa, maji hufunguliwa, na sisi wa chini huyapata siku chache baadaye. Siyad anapata habari kutoka kwa jamaa zake wa juu ya mto. Siyad ananipigia mimi. Mimi nampigia Wario. Wario anapanda barabarani na watoto. Simu mbili tu, na watu watano wanabaki hai. Miaka saba iliyopita hatukuwa na utaratibu. Mwangalizi wa wakati ule alikaa siku mbili juu ya bati la kibanda cha pampu, na ng'ombe wake wanne hawakuonekana tena.

Nilimwonyesha Wario simu yangu. Akaigusa ubavuni. Kimya. Akagusa tena, akasugua. Hakuna! Vidole vyake vimekuwa vigumu kama soli kwa sababu ya jembe na kamba ya kuwashia pampu. Ngozi kavu namna hiyo haipitishi umeme wa kutosha. Nikamweleza.

"Kwa hiyo haioni mkono wangu, Maalim?"

"Inauona kwa shida."

Qabale alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Inaona mikono ya ofisi tu. Imezoea watu wa kutia sahihi."

Nimecheka njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 20 Aprili

Mke wangu Shamso alinipigia mara tatu kutoka sokoni, nimchukulie mzigo. Sikusikia. Amerudi na tuk-tuk, uso umekunjwa. Nikamwambia ni mtandao.

Akachukua simu, akaiangalia. "Baba Istahil, sauti iko chini kabisa. Mtandao gani unaoshusha sauti?"

Labda niligusa mahali.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kubwa milimani, redio imesema asubuhi na jioni. Hapa jua kali tu. Ndivyo mto wetu ulivyo: mvua inanyesha kwa wengine, maji yanakuja kwetu.

Siyad alipita na pikipiki ya mwanawe, hakushuka. "Kuanzia leo simu usiiweke mezani. Iweke karibu na mwili. Nikipiga, upokee."

"Nitapokea."

Nimemtii. Nyumbani sivai suruali. Nina macawis yangu, kikoi chetu cha duara, ambacho mtu hukikunja kiunoni mara mbili au tatu. Ndani ya pindo lile mna nafasi ya mswaki, noti na simu. Baba yangu alibeba hapo tumbaku na barua za chifu. Hakuna mwizi anayefika hapo. Nimeikunja vizuri leo, simu imeshikana na ngozi, haiwezi kuanguka hata nikikimbia.

Jumatano, 23 Aprili

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Naanza na hilo.

Wote watano wako hai. Wako nyumbani kwangu. Watoto wamelala kwenye mkeka wa sebuleni, na mdogo ameshika kijiko usingizini.

Sasa niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda soko la mifugo, maana Jumatano ndiyo siku yake, kuwauza mbuzi wawili wa Shamso. Macawis, simu kiunoni. Joto la kuua. Jasho lilianza saa tatu. Nilisimama na Awil, dalali, tukiwa tumefunika mikono kwa kitambaa na kubonyezana vidole kutafuta bei. Hata nilimtania — huku nako ni kugusana tu, lakini angalau nakuelewa! Kila baada ya muda niligusa kiunoni kwa nje, nikahisi simu ipo. Nikaridhika. Ipo! Kama kwamba kuwepo kunatosha.

Saa sita kasoro, simu ya Awil ikalia. Akasikiliza, akanipa.

Alikuwa Shamso. "Uko wapi wewe? Siyad amekupigia tangu saa nne! Maji yanakuja, yanakuja leo, si kesho kutwa. Amekata tamaa akaja mpaka hapa nyumbani."

Nikaitoa simu yangu. Imelowa jasho. Miito kumi na moja. Sauti: sifuri.

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Nikampigia Wario. Yaani nilijaribu. Wakati huohuo mvua ikaanza — ya kwanza mwezi huu, matone makubwa kama kokoto. Tone likigonga skrini, simu inadhani ni kidole. Nikiandika jina, linafutika. Maji yakateremka ubavuni, ikaniuliza kama nataka kuizima. Sitaki! Nikabonyeza sitaki, haikuhisi. Ikajizima. Mikononi mwangu, katikati ya mbuzi, ikajizima yenyewe! Na kuiwasha tena ni kugusa ubavu uleule uliolowa.

Namba ya Wario siikumbuki kichwani. Siyad hana. Shamso hana. Ilikuwa ndani ya kile kipande cha sabuni, peke yake.

Awil akaniitia boda boda. Mbuzi nilimwachia. Njiani nilisoma kila dua ninayoijua, na kati ya dua na dua nilikuwa nakokotoa: saa nne mpaka sita, maji yanatembea kasi gani, kona ya chini iko kimo gani. Mwalimu hata akiogopa hufanya hesabu.

Tulipofika juu ya tuta la barabara niliona nyanya hazipo. Mahali pa nyanya palikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda polepole, bila kelele. Kibanda cha Wario kimezungukwa hadi dirishani. Mlango uko wazi. Nikaita. Nikaita tena. Nikaanza kuteremka, na kijana wa boda akanishika macawis kwa nyuma: "Mzee, wacha! Utakufa bure!"

"Maalim!"

Sauti ilitoka upande wa kushoto. Wote watano walikuwa juu ya tuta, chini ya turubai, pamoja na godoro, kuku ndani ya sufuria kubwa, na mkokoteni wa punda wenye pampu juu yake. Qabale alikuwa anamkamua mtoto maji ya mvua kwenye nywele.

Nikakaa chini.

Wario aliniambia yote bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Alfajiri Qabale alishuka kuteka maji. Mto haukuwa umepanda sana, lakini ulikuwa unabeba mabua ya mahindi, mabichi, na mizizi na udongo wake. Mabua makavu ni takataka tu. Mabichi maana yake mto umekula shamba la mtu usiku uleule. Akarudi, akaanza kukunja godoro.

"Mimi nilimwambia tungoje simu ya Maalim," Wario akasema. "Maalim hajapiga, basi hakuna maji. Hajawahi kukosea."

"Nami nikamwambia, ngoja wewe," Qabale akasema. "Mimi nabeba watoto."

Wario alingoja mpaka saa tano, pale chini, na ile simu yake ndogo ya vitufe mkononi, akiikazia macho. Kisha maji yakafika kwenye kizingiti, akafunga pampu mkokotenini na kupanda.

Aliningoja mimi. Kama mkewe naye angeniamini, ningekuwa naandika nini sasa?

Nikawaomba radhi, wote wawili. Wario akasema, "Ni simu, Maalim." Qabale hakusema ni simu. Akanipa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa. Na chupa ya chai alikuwa amekumbuka kuibeba!

Alhamisi, 24 Aprili

Nimelala kama jiwe. Hali ya hewa nzuri, moyo mwepesi. Nyanya zimekwenda, nyanya hupandwa tena.

Nimempelekea simu Nunow, fundi wa pale karibu na stendi. Kijana mdogo mwenye miwani, hazungumzi mpaka aelewe. Aliipangusa, akaiwasha, akaangalia. Kisha akaniuliza naibeba wapi. Nikamwonyesha pindo la macawis.

Akaipandisha sauti hadi juu. "Adeer, iweke hapo hapo. Tembea mpaka kwa muuza miraa, urudi."

Nikaenda, nikarudi. Ilikuwa imeshuka nusu. Akanituma tena. Sifuri.

"Tatizo nimeliona," akasema. "Hii simu inafikiri tumbo lako ni kidole."

Watu wote wa pale walisikia. Mmoja akasema basi ni kidole kinene kuliko vyote Garissa. Nimeacha wacheke. Ilikuwa haki yao, na mimi pia nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Lakini ndivyo ilivyo, na ningeweza kujua. Ngozi yenye jasho, imebanwa na pindo, inapanda na kushuka kwa kila pumzi. Simu inaona mtu anashusha sauti taratibu, siku nzima. Walioitengeneza walifikiria mifuko ya suruali na mikoba. Nina hakika ni watu werevu. Hakuna aliyewaambia kuhusu macawis. Shamso anasema hata wanawake — wao huichomeka ndani ya shungi, kando ya sikio, wakazungumza huku wanakanda unga. Shavu nalo ni ngozi. Dada yake Abshiro, mwenye simu kama hii, hukata simu za watu katikati ya maneno, na kumbe tulidhani ni tabia yake!

Nunow alinionyesha mahali pa kuzima mguso wa ubavuni. Sasa ubavu umekufa kabisa, sauti inabadilishwa kwenye skrini tu. Sawa. Afadhali simu isiyo na kitufe kuliko yenye kitufe kinachobonyezwa na pumzi zangu.

Nimemweleza Istahil usiku kwa simu. "Aabo, samahani. Nilitaka uwe na kitu kizuri."

"Ni kizuri," nikamwambia. "Kosa ni langu. Jumapili mamako alinionyesha sauti iko sifuri, nami nikasingizia mtandao. Mwanafunzi angenifanyia hivyo kwenye maabara ningempa sifuri yake."

Akacheka huku analia kidogo.

Na sasa namba ya Wario imeandikwa mara tatu: karatasi moja kwa Shamso, moja kwa Siyad, na ukutani kwa mkaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Maji yameshuka. Usiku nilisikia vyura, na leo asubuhi tuta la shamba la juu linaonekana, jeusi, linatoa mvuke. Watoto wa Wario wanamkimbiza mbuzi wa Shamso uani — Awil aliwarudisha wote wawili, hawakununuliwa. Qabale na Shamso wamekaa jikoni tangu alfajiri. Hawana lugha moja kamili, wanachanganya Kiswahili, Kisomali na Kiborana, na sijawahi kusikia kicheko kirefu hivyo ndani ya nyumba hii. Nadhani wananicheka mimi. Wacheke.

Wario ameomba ashuke kutafuta bomba la pampu kabla halijazikwa na tope. Nimekubali, kwa sharti: asivuke tuta mpaka nimuulize Siyad kama kuna maji mengine yanayokuja kutoka juu. Redio inasema huenda yapo, huenda hayapo. Siyad ndiye mwenye jamaa huko. Yeye atajua.

Saa tatu. Nimempigia Siyad. Inaita, hapokei.

Saa tatu na robo. Inaita.

Saa tatu unusu. Inaita! Siyad, ambaye hupokea hata akiwa anakula!

Nimempigia Wario. Mlio mmoja tu, akapokea. Yuko juu ya tuta, hajashuka, ameketi juu ya jiwe. Alhamdulillahi. Nikamwambia abaki hapo hapo, hata bomba likizama.

"Nangoja, Maalim," akasema. Kisha: "Lakini Qabale yuko karibu? Muulize yeye pia."

Nikapita jikoni kumwuliza. Qabale akasema hajauona mto leo, kwa hiyo hajui, na mtu ambaye hajauona mto asishuke. Shamso akainua kichwa kutoka kwenye unga.

"Unampigia Siyad? Hukusikia? Jana mwanawe amemletea simu kutoka Dubai. Mkewe ametuonyesha. Kama yako kabisa. Laini pande zote."

"Na anaibeba wapi?"

Shamso akanyoosha kidole chenye unga kwenye pindo la macawis yangu.

Ni saa nne kasoro dakika kumi. Kwa Siyad ni mwendo wa robo saa, kupitia nyuma ya msikiti. Inaita tena hapa mezani, nimeiweka sauti wazi, inaita na kuita.

Yarrow, weka kalamu chini. Vaa viatu, nenda kwa miguu sasa hivi, ukaitoe simu kiunoni mwa Siyad kwa mkono wako mwenyewe.